Masika Niliyotumwa Kumwinda Gaudencio

Juni 9, 1950

Mvua imefika Sapang Biga kabla yangu. Magari yetu yamekwama kwenye tope nje ya kitongoji hiki cha kaskazini mwa Manila, tukaingia kwa miguu kama watu waliofukuzwa mahali. Kombania yangu imepangiwa kulala kwenye shule ya msingi. Hapa ndipo nilipofundisha darasa la tatu kabla ya vita. Wajapani walipokuja waliigeuza kambi, nasi tukawa tunaishambulia kutoka bwawani, mimi na Gaudencio Manalang na wenzetu. Matundu ya risasi zetu bado yapo ukutani chini ya dirisha, na kitanda changu kimewekwa papo hapo.

Sajini Pilapil ameyakagua matundu yale kwa kidole.

"Afande, waliopiga hapa hawakujua shabaha hata kidogo. Wamelenga dirisha, wamepata ukuta."

Nikamwambia mmoja wao nilikuwa mimi.

Akatazama dari. "Basi ukuta ulisogea, afande."

Juni 10

Mvua.

Juni 13

Meja Alcaraz amekuja na koti la mvua lisilo na doa. Ameketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga mbao, akatandika ramani na kuweka kidole katikati ya bwawa.

"Kamanda Densio," akasema, akimaanisha Gaudencio. "Mlipigana pamoja."

"Vita vyote, afande."

"Unajua anakojificha?"

"Najua tulikojificha sisi."

"Basi yuko hukohuko. Namtaka amekamatwa au amezikwa kabla ya mavuno. Unadhani kwa nini umeletwa wewe?"

Nilijua kwa nini. Vita vilipokwisha, jeshi lilikuwa likitafuta watu waliopigana msituni na wanaojua kusoma na kuandika. Nilikuwa nimepigana, na nilijua kusoma na kuandika. Gaudencio aliambiwa asalimishe bunduki arudi kulima shamba la Don Leoncio, nusu ya mavuno kwa Don, kama zamani. Akalima msimu mmoja. Akawaambia wakulima wenzake wadai zaidi, na walinzi wa Don wakaichoma nyumba yake. Akarudi bwawani na bunduki ileile. Hivyo ndivyo tulivyoachana. Hatukugombana. Kila mmoja alishika njia yake, na njia zikaendelea kwenda.

Juni 15

Nimemwona Rosenda, mke wa Gaudencio. Anauza vyakula kando ya kanisa pamoja na wanawake wengine. Wakati wa vita alikuwa akibeba habari zetu ndani ya fundo la nywele zake, na nilipougua malaria alinificha chini ya mabua ya mpunga ghalani huku Wajapani wakichoma mabua kwa singe. Singe moja ilipita karibu na sikio langu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni akiwalaumu kwamba wanamwaga mpunga.

"Kapteni," akasema bila kuinua uso. "Wali wa kunata au keki ya muhogo?"

"Shemeji, ni mimi."

"Naona ni wewe. Densio alikuwa akisema Mwalimu atafika mbali. Hakusema atarudi."

Wanawake wakacheka chinichini.

"Hujambo lakini? Watoto je?"

"Watoto wa nani? Nizae na mtu anayeingia nyumbani kwake kama mwizi?"

"Yuko wapi, shemeji?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyelala naye kichakani vita vizima. Mimi nimeolewa naye tu."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha upawa. Rosenda akafunga wali kwenye jani la mgomba akanisukumia. "Kula. Jeshi limekunyima nini, mashavu?"

Nimekula nikitembea. Siku hizi siwezi kula nimekaa.

Juni 24

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Tangu alfajiri watu wamekuwa wakimwagiana maji barabarani, wazee kwa watoto, hata padri alilowa mpaka kanzu ikamganda mwilini. Nimepita katikati ya kitongoji kutoka mwanzo hadi mwisho na kurudi. Hakuna aliyenimwagia hata tone. Walishusha ndoo zao, wakangoja nipite, kisha nikasikia kelele zikianza tena nyuma yangu.

Pilapil alijimwagia mwenyewe. Anatoka visiwa vya kusini, anasema kwao mtu akibaki mkavu siku ya leo hupata mkosi mwaka mzima.

"Nikumwagie na wewe, afande?"

Nilikataa. Sasa najuta.

Julai 3

Doria bwawani, maji mpaka kiunoni, ruba kila mahali. Nikawapeleka vijana kwenye kisiwa cha mianzi ambako tulikuwa tukilala wakati ule. Tumekuta moto bado una joto. Juu ya mafiga palikuwa na chungu kimefunikwa kwa jani, ndani yake wali na samaki mkavu wa kukaanga. Na juu ya jani, kipande cha chaki.

"Sumu," akasema Koplo Magsino.

"Si sumu."

"Afande, chakula cha adui..."

"Huyu bwana akitaka kuniua atanipiga risasi. Hawezi kuharibu wali."

Nikala. Ulikuwa umekolea chumvi vizuri. Vijana walinitazama kama mtu anayekata kamba huku bado ananing'inia. Tulipoanza safari ya kurudi tukakutana na walinzi wa nyuma wa Gaudencio, risasi zikarushwa, na vijana wawili wa upande wao wakabaki majini. Niliwageuza nione nyuso zao. Sikuwafahamu. Wakati wa vita walikuwa watoto wa umri wa darasa langu.

Julai 4

Nimetembea kutoka ukuta hadi ukuta mchana kutwa. Pilapil anasema nitaitoboa sakafu ya serikali.

Julai 9

Choleng, mke wangu, amekuja kutoka Manila. Amevaa viatu vyeupe, na kutoka garini hadi mlangoni vikawa vya kahawia. Alivivua akaviweka dirishani, akaniambia kaka yake anafungua kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule na anamtaka mtu aliyewahi kufundisha.

"Nitafikiri."

"Ulifikiri mwaka jana. Ulifikiri mwaka juzi."

"Mkataba wangu, Choleng..."

"Usiniletee mkataba. Vita viliisha miaka mitano iliyopita, Larion. Kila mtu alirudi nyumbani isipokuwa wewe na huyo Gaudencio wako."

Nikamwambia Gaudencio ni adui wa serikali. Akaniambia Gaudencio angalau ana sababu, nyumba yake ilichomwa. "Yako ipo. Ina mapazia mapya. Hata rangi yake huijui."

Ameondoka jioni. Nimejaribu kukumbuka mapazia. Ni kweli, siyajui.

Julai 18

Mvua. Malori hayapiti. Tumbaku imeota ukungu.

Julai 26

Wamemuua Koplo Magsino. Alikuwa amekwenda na gari kuchukua mkate na barua. Kwenye daraja la mbao wakawapiga kutoka ndani ya matete, pande zote mbili. Dereva amepona. Magsino alipigwa shingoni, akafa akiwa ameshika mfuko wa mikate kifuani, mikate ikanyonya damu mpaka ikawa mizito. Nimeubeba mfuko ule mimi mwenyewe kwa sababu hakuna aliyetaka kuugusa.

Alikuwa na mke Batangas. Alikuwa akinisumbua kila Jumamosi nimwandikie, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya na alimwonea mkewe haya.

Nilikwenda kwa Rosenda moja kwa moja, matope na damu mikononi, nikaipiga teke meza yake. Vyakula vikamwagika.

"Mwambie mumeo nitamtoa bwawani kwa nywele!"

Wanawake walirudi nyuma. Yeye hakurudi. Aliinama akaanza kuokota vifungu vya wali, kimoja kimoja, akivifuta matope kwa khanga ya kiunoni.

"Jina lake nani, huyo kijana?"

"Magsino."

"Alikuwa akinunua kwangu. Alipenda keki zenye nazi nyingi." Akaendelea kuokota. "Na wale wawili uliowaacha majini mwanzo wa mwezi, unayajua majina yao? Mimi ndiye niliyewaosha."

Nilimchukia kwa kuninyima jibu. Nimerudi kambini nikiwa na hamu moja tu, kumwona Gaudencio kwenye ncha ya bunduki yangu. Naandika hivi nikiwa na akili timamu. Hamu hiyo ninayo.

Agosti 4

Meja ameamuru tufanye zona, kesho kutwa.

Neno hilo walituletea Wajapani. Watu wote wa kitongoji hukusanywa, kisha analetwa mtu aliyefunikwa kapu la ukili kichwani, kapu lina matundu mawili ya macho. Anapita mbele ya watu mmoja mmoja. Akiinamisha kapu, aliyeinamiwa anachukuliwa. Mwaka 1944 waliifanya hapa Sapang Biga. Mimi nilikuwa bwawani, mama ndiye aliyenisimulia. Walikaa uwanja wa kanisa juani bila maji. Kapu lilipofika kwa baba yangu, likainama. Baba alikuwa fundi viatu. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Nilimkumbusha Meja hayo.

"Pole sana," akasema, na nadhani alimaanisha. "Wajapani walikuwa maadui zetu, Kapteni, lakini hawakuwa wajinga. Walinzi wa Don Leoncio wanaye mtu anayewajua wote wanaomlisha Densio. Wewe utaleta askari."

"Nikikataa?"

"Nitamleta afisa mwingine ambaye hamjui mtu yeyote hapa. Ungependa hivyo?"

Nimejiambia afadhali niwepo mimi. Nimejiambia pia kuhusu Magsino. Kila nikimaliza kujiambia, nasimama, natoka nje, mvua inanirudisha ndani.

Agosti 6

Tumewakusanya baada ya misa. Hawakupiga kelele. Wazee walijua wapi pa kukaa, na hilo lilinishtua kuliko kitu kingine chote: walikaa kwa mistari bila kuambiwa, mikono juu ya magoti, kama watu wanaorudia somo. Mvua ilikuwa ikinyesha wima. Vijana wangu walisimama kuzunguka uwanja, na niliwaona wakitazama chini.

Lori la Don Leoncio likaja. Walinzi wakamshusha mtu mwenye kapu. Alikuwa akichechemea, mikono yake imefungwa vitambaa vichafu. Mkuu wao, jitu moja nene lenye bastola mbili, akamsukuma kwenye mstari wa kwanza.

Kapu likaenda polepole. Likainama kwa mzee mmoja anayefuga bata. Walinzi wakamnyanyua. Likainama kwa kijana aliyekuwa ameshika mkono wa mama yake, na mama hakuachia, wakampiga kwenye kifundo cha mkono mpaka akaachia. Nilisimama pale. Nilitazama ukuta wa kanisa, nikausoma ubao wa majina ya wafadhili wa kengele, nikausoma tena.

Kapu likafika kwa Rosenda. Likasimama, halikuinama. Lilianza kutetemeka, na maji yaliyokuwa yamejaa kwenye ukili yakawa yanaruka pande zote. Mlinzi akamdunga mtu yule mgongoni kwa mtutu wa bunduki. Bado halikuinama.

Rosenda alikuwa akitazama miguu ya mtu yule. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuwepo.

"Sebio?" akasema taratibu, kama anayemwita mtu aliye ndani ya nyumba. "Ni wewe, Sebio?"

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka nimelishika kapu kwa mikono miwili na kulivuta juu, nalo lilikuwa limekwama kwenye damu iliyoganda nyuma ya kichwa, ikabidi nilivute tena.

Alikuwa Eusebio, mpishi wetu wa bwawani. Mtu aliyekuwa akichemsha konokono na majani ya kangkong yanayoota majini, tukaona tumekula karamu. Midomo yake imepasuka, jicho moja halifunguki.

"Mwalimu," akasema. "Wamenivunja vidole, Mwalimu. Nilianza na mzee nikidhani watamwonea huruma."

Nilingoja watu wamrukie. Mama wa yule kijana alikuwa karibu sana, angeweza kumfikia kwa hatua moja. Hakuna aliyeinuka isipokuwa Rosenda. Alikinga maji ya mvua kwa viganja vyake, akamnywesha.

Lile jitu likanijia. "Kapteni, huyo ni wetu."

"Alikuwa wenu."

"Meja atasikia."

"Msalimie."

Akatia mkono kwenye bastola. Ndipo Pilapil akajitokeza pembeni, bunduki yake ikiwa kiunoni, imeelekea tumbo la yule bwana, na sauti yake ya upole kabisa: "Jamani, mvua yote hii. Waacheni wale wawili hapo, pandeni lori lenu mkajikaushe. Mtapata mafua." Sikumwamuru. Nilipotazama, vijana wangu wote walikuwa wameinua nyuso.

Lori likaondoka. Nikawaambia watu waende nyumbani. Hakuna aliyenishukuru, na wangenishukuru kwa lipi? Ni mimi niliyewaketisha pale. Bibi mmoja alisimama mbele yangu, akanyoosha kidole kwenye buti zangu.

"Hapo ulipokanyaga," akasema, "ndipo walipomchukua baba yako."

Nikasogea.

Agosti 7

Eusebio amepelekwa hospitali ya misheni. Nimeweka mlinzi kwenye kitanda chake.

Agosti 9

Meja amenigombeza kwenye redio, maneno mengine yamemezwa na radi. Nitaondolewa hapa mwisho wa mwezi. Anayekuja badala yangu hajui mtu.

Agosti 10

Siwezi kusoma. Siwezi kucheza karata. Pilapil amenikataza kukagua bunduki tena, anasema zimeanza kuogopa.

Agosti 15

Rosenda amekuja kambini mwenyewe, mchana, akapita mbele ya askari na kikapu chake kichwani kana kwamba anakwenda sokoni. Akaketi kwenye dawati la mtoto. Lilimtosha kuliko Meja.

"Anataka kushuka," akasema.

Nikafunga mlango.

"Miguu imevimba. Ukibonyeza, shimo linabaki. Wenzake wanambeba kama gunia na yeye anaona aibu. Atakupa wewe bunduki. Hampi mwingine. Na hataki kambi ya jeshi, anajua wanaofia njiani. Anataka umpeleke kwa jaji, mjini."

"Kwa nini mimi?"

"Nimemuuliza hivyohivyo. Nilimwambia, huyo ndiye aliyepiga teke meza yangu. Akasema, huyo ndiye aliyemvua Sebio kapu." Akainuka. "Mimi mwenyewe bado nakukumbukia meza."

Agosti 19

Amekuja. Nimemleta.

Tulikutana asubuhi kwenye kisiwa cha mianzi, mimi na Pilapil tu, kwa mtumbwi. Nilimkuta amekaa kwenye gogo. Kama si pua yake iliyovunjika kwa kitako cha bunduki ya Mjapani, ningempita. Amekuwa mzee. Ndevu chache nyeupe, miguu kama ya mtu mwingine aliyenenepa.

"Mwalimu," akasema. "Wali ulikuwaje?"

"Ulizidisha chumvi kidogo."

"Muongo. Ulikomba chungu."

Akageuza bunduki yake akanipa kitako kwanza. Niliitambua. Tuliipata pamoja.

"Magsino," nikasema. "Yule wa darajani. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Miguu. Ila amri niliitoa mimi."

"Alikuwa kijana mzuri."

"Na wale wangu wawili?"

Hakuna aliyesema samahani. Sidhani kama ingetosha, na sidhani kama yeyote kati yetu angeiamini. Nikamwinua kwa kwapa, nikamweka mtumbwini.

Redio ikalia tukiwa katikati ya maji. Ilikuwa sauti ya Meja: ameshapata habari, nimpeleke mfungwa kambini mara moja, si mjini. Pilapil aliisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akaitumbukiza bwawani, akaitoa ikitiririka.

"Redio imelowa, afande. Masika haya, vifaa vinaharibika sana."

Gaudencio akacheka mpaka akakohoa. "Huyu umempata wapi?"

Kwenye lango la maji, pale mfereji unapoingia mashamba ya Don, walinzi walikuwa wamejipanga juu ya tuta, lile jitu la bastola mbili likiwa mbele. Hakuna njia nyingine. Nikasimama mtumbwini, wima, nikiwa na sare yote, nikajiweka mbele ya Gaudencio. Mtumbwi uliyumba vibaya.

"Kaa chini, utatuzamisha," akanong'ona Gaudencio. "Hata kuogelea hujui vizuri."

"Nyamaza."

"Mwacheni hapo, Kapteni," yule bwana akapaza sauti. "Wewe pita."

"Nipige kwanza. Mchana huu. Mbele ya hawa."

Maana majarubani, pande zote mbili, wanawake walikuwa wakipandikiza mpunga. Walikuwa wameinama kwenye mstari, na sasa mmoja akanyooka. Alikuwa Rosenda, miche bado mkononi. Akapanda kwenye tuta. Akafuata mwingine, na mwingine, mama wa yule kijana pia, matope mpaka mapajani, na wanaume waliokuwa wakiswaga nyati wa kulimia wakaacha majembe yao ya kukokota. Walikuja tu, wakatembea juu ya tuta, wakapita katikati ya walinzi kama watu wanaokwenda zao, mpaka ikawa huwezi kurusha risasi bila kumpata mtu wa Don Leoncio, mkulima wake mwenyewe, katika msimu wa kupanda.

Jitu lile liliangalia watu, likaangalia mashamba yaliyobaki nusu. Nadhani lilifikiria kumweleza Don nani atapanda nusu iliyobaki. Likashusha mkono.

Watu wale walitusindikiza kando ya mfereji mpaka barabara kuu, polepole, kwa mwendo wa mtumbwi. Mtu mmoja alinirushia maji usoni kwa kiganja. Sikumwona ni nani.

Septemba 1

Mahakamani. Meja alimwambia jaji kwamba Gaudencio alikamatwa vitani akiwa na silaha, kwa hiyo ni mali ya jeshi na arudishwe kambini kuhojiwa. Aliongea vizuri, bila chuki. Kisha nikaitwa.

Jaji ni mzee anayejipepea kwa kipepeo cha karatasi. Akaniuliza, "Ulimkamata wapi?"

"Sikumkamata, mheshimiwa. Alikuja."

"Bunduki yake?"

"Alinipa mkononi, kitako mbele."

"Kapteni, unaelewa kwamba mkubwa wako amesema kinyume?"

"Yeye hakuwepo, mheshimiwa. Nilikuwepo mimi."

Kipepeo kikasimama, kikaendelea. Amri: mshtakiwa abaki gereza la jimbo mpaka kesi isikilizwe, na aletewe daktari. Hakuachiwa huru. Huenda akafungwa mpaka uzee. Lakini hatafia njiani.

Nje, Meja aliwasha sigara, akanipa na mimi. "Ungeondoka hapa ukiwa meja."

"Najua, afande."

"Kuna kikosi kinakwenda Korea. Unaweza kwenda, au unaweza kuacha jeshi. Hakuna atakayekulaumu. Fikiri..."

Nilikubali kabla hajamaliza.

Septemba 3

Nimemwambia Choleng. Mapazia ni ya kijani. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alimaliza kufuta sahani aliyoishika.

"Nilidhani unamtafuta Gaudencio," akasema. "Kumbe ulikuwa unatafuta pa kwenda."

Nilitaka kumwambia kwamba huko, angalau, nitapigana na watu nisiowajua. Nilipoisikia sentensi hiyo kichwani sikuitoa.

Septemba 10

Nimekwenda gerezani kumuaga Gaudencio. Uvimbe umeshuka. Rosenda alikuwa ndiyo kwanza ametoka, alikuwa amemletea wali na amemwachia ujumbe wa kunieleza: meza aliitengeneza mwenyewe, na Choleng alikuja Jumapili kumletea mbao. Mke wangu, kwa viatu vile! Hakuniambia.

"Korea," akasema Gaudencio, akijaribu neno mdomoni. "Kuna baridi, wanasema."

"Wanasema."

"Kuna mpunga?"

"Sijui."

Akaacha kula. Akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama bwawani nilipokuwa nikipotea njia.

"Unakwenda kupigana mahali ambapo hujui wanalima nini?"

Septemba 14, bandarini

Tunapakia tangu asubuhi. Choleng amekuja, ameshika mkono wangu kwa muda mrefu, ameondoka bila kugeuka. Pilapil amejiandikisha pia. Anasema mtu lazima awepo wa kuzuia sakafu ya meli isitoboke.

Mchana amenunua gazeti, akaniletea ukurasa wenye picha ya Korea. Kifaru kinapita barabarani, askari wamekaa juu yake wakicheka na kamera. Nyuma yao kuna majaruba. Matuta yamekatwa kama yetu, maji yamesimama kama yetu. Katikati ya maji yupo mtu mwenye nguo nyeupe, ameinama, miche mkononi. Hajainua uso kutazama kifaru.

Nimeitazama picha ile mpaka Pilapil akaniuliza kama ninamjua mtu yule.